Moyo Uliotibiwa Bado Unahitaji Kutunzwa

Katika kila watoto 100 wanaozaliwa, takriban mmoja huwa na kasoro ya moyo. Kwa sababu ya upasuaji, wengi sasa wanafikia utu uzima. Hapa nchini huduma hiyo hutolewa na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015.

Tatizo ni kwamba mtu akishapata nafuu huacha kliniki, akidhani amepona moja kwa moja. Valvu au kovu la moyo huweza kuleta shida miaka mingi baadaye. Hivyo azingatie haya:

- Kuhudhuria kliniki hata asiposikia maumivu.
- Kupiga mswaki mara mbili kwa siku. Bakteria wa kinywani wakiingia kwenye damu huweza kushambulia moyo.
- Kuepuka sigara.
- Kutembea na kufanya kazi kwa kiwango alichoelekezwa na daktari. Kumkataza kila kazi hakumsaidii.
- Mwanamke amwone daktari wa moyo kabla ya kushika mimba.

Kamati za sharika, watambueni watu hawa, wakumbusheni tarehe za kliniki, na pale nauli inapokwamisha, wachangieni.