Mwanafunzi wa Sheria na Kujinadi Mitandaoni

Kujinadi si aibu, madhali mtu anachokinadi ni chake. Walakini mwanafunzi wa sheria, anapofungua ukurasa katika LinkedIn au Instagram ili ofisi za mawakili na waajiri wengine wamtambue kabla hajahitimu, huingia katika soko lenye masharti yasiyowahusu wenziwe wasomao biashara, kwani jina la wakili limewekewa ulinzi wa sheria.

Hapa Tanzania, mwenye shahada ya kwanza ya sheria bado si wakili. Yampasa apitie Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007, afaulu mitihani yake, kisha apeleke maombi kwa Jaji Mkuu, akubaliwe, na jina lake liandikwe katika daftari la mawakili; na asiyetimiza hayo akijitangaza kuwa wakili, basi kwa Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, ametenda kosa. Kenya nako, chini ya Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, mambo ni hayo hayo. Kwa hiyo kijana wa mwaka wa tatu aandikaye "Wakili" mbele ya jina lake, au "Wakili mtarajiwa" huku neno la pili likiwa dogo hata halionekani ila kwa kukodoa macho, hajipambi, bali anajitengenezea ushahidi dhidi ya nafsi yake.

Dhima ya pili ni ya ushauri. Msomaji humwandikia: "Mwenye nyumba amenifungia mlango, nifanyeje?" Kuwaeleza watu kanuni ya jumla ni kueneza elimu, lakini kumwongoza huyo katika shauri lake, seuze kwa ujira, ni kazi ya wakili, na jawabu la heshima ni kumwambia, "Mimi ni mwanafunzi, nenda kwa wakili au kwa watoa msaada wa kisheria." Kadhalika siri ni amana: aliyepelekwa ofisini kwa mafunzo akajipiga picha mezani, ilhali jalada nyuma yake linasomeka jina la mteja, amekwisha kuivunja.

Basi anadi nini? Anadi usomaji wake. Hukumu za mahakama zetu zinapatikana bure katika tovuti ya TanzLII. Achukue moja, mathalani ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ya mwaka 1983, ambamo Mahakama ya Rufani, ikifasiri kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971, iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Ni rahisi kuikariri kanuni hiyo na kuishia hapo. Aliyeisoma hukumu hadi tamati ataongeza kwamba, pamoja na kanuni hiyo, rufani ya bibi huyo ilitupwa, kwa kuwa Mahakama iliona alikuwa amezitapanya fedha alizopewa na mumewe kwa maendeleo ya familia. Aya tatu za namna hiyo humwonyesha mwajiri akili ya mwandishi kuliko picha kumi za suti nyeusi.

Enyi vijana, andikeni chuo chenu, mwaka wenu wa masomo na kazi mliyoifanya kweli. Cheo kiacheni mpaka mtakapoapishwa.