Nusu milimita inayomkosesha mwindaji: jinsi ya kurekebisha tundu la kulengea

Umetulia, umelenga vizuri, umefyatua taratibu. Risasi imepiga sentimita 10 kulia. Wengi hapo huamua kwamba safari ijayo watalenga kushoto kidogo, basi. Kwenye ubao wa mazoezi hilo ni tobo tu. Porini, sentimita 10 zinaweza kumtenganisha mnyama anayeanguka papo hapo na yule anayekimbia na risasi tumboni, akafie mbali kwa mateso. Kwa hiyo tusibahatishe, turekebishe.

Kwanza, tundu lina kazi gani? Bunduki ya aina hii ina kijitundu karibu na jicho na kijiti kwenye mwisho wa mtutu. Tundu huzuia miale ya pembeni, kama ile kamera ya boksi tuliyosoma shuleni, ndiyo maana kijiti na shabaha huonekana vizuri kwa pamoja. Jicho lenyewe hukiweka kijiti katikati ya tundu. Shida ni kwamba jicho halijui kama tundu lenyewe limekaa upande!

Kabla ya kugusa chochote, hakikisha bunduki haina risasi, kisha kagua skrubu zinazoshikilia tundu. Kama linacheza, hata ulipime vipi halitatulia. Likishakaza, nenda kwenye uwanja wa shabaha unaoruhusiwa, egemeza bunduki kwenye mifuko ya mchanga, piga risasi tatu hadi tano kwa mita 100. Angalia katikati ya kundi la matobo, usiangalie tobo moja. Zikitawanyika ovyo, usianze kuzungusha skrubu. Tatizo huenda ni mpigaji, risasi au kitu kilicholegea.

Sasa hesabu. Ni zile pembetatu zinazofanana za sekondari. Kosa la sentimita 10 kwa mita 100 ni sawa na milimita 1 kwa kila mita. Kama kutoka tundu hadi kijiti ni nusu mita, tundu linatakiwa kusogea nusu milimita tu. Ndiyo, nusu! Matundu mengi husogezwa kwa skrubu inayolia "tiki". Kama kila tiki ni robo ya dakika ya pembe, yaani kama sentimita 0.7 kwa mita 100, utahitaji tiki 14 hivi.

Upande gani? Tundu la nyuma hulisogeza unakotaka risasi iende: imepiga kulia, peleka tundu kushoto. Kijiti cha mbele ni kinyume, hufuata kosa. Hili ni muhimu kwa Lee-Enfield No. 4, bunduki ya jeshi la Uingereza ambayo nyingi ziligeuzwa za kuwindia. Tundu lake hupanda na kushuka tu, kwa hiyo kosa la kulia au kushoto hurekebishwa kwa kusukuma kijiti cha mbele.

Ukimaliza, piga kundi lingine. Usiridhike na "imekaribia": sentimita 3 za pembeni zilizobaki kwa mita 100 zinakuwa 6 kwa mita 200, na mnyama hatakusubiri usogee karibu.