Barua 30 Bila Jibu

Katika vijiji vyetu wako vijana wengi waliomaliza kidato cha nne na sasa wanatafuta kazi. Wengi wao si wavivu. Wameandika barua. Wamepanda basi kwenda mjini. Wamesimama kwenye milango ya ofisi, bahasha mkononi. Mwaka unapita na jibu haliji. Nyumbani baba anasema, "Andika tena." Kijana anaandika tena barua ile ile, na anaipeleka mahali pale pale.

Mkulima hafanyi hivyo. Mbegu zake zikikataa kuota, hufukua udongo atazame. Je, mbegu zilikuwa mbovu? Je, zimeliwa na mchwa? Au mvua haikutosha? Mtafuta kazi naye azifukue barua zake.

Tuchukue mfano. Kijana ameandika barua 30 kwa mwaka mmoja. Achukue daftari. Aandike kila barua ilikwenda wapi, iliomba kazi gani, na iliishia wapi. Ni shughuli ya jioni moja tu. Tuseme anaona hivi: barua 18 alizipeleka kwenye ofisi ambazo hazikutangaza nafasi yoyote. Barua 9 ziliomba kazi zilizotangazwa. Barua 3 alimpa mtu aliyesema ana ndugu mkubwa serikalini, kisha mtu huyo akataka "pesa ya soda".

Hizo barua 18 zimemla nauli. Kama kila safari ilikuwa shilingi 10,000, safari 18 ni shilingi 180,000. Na barua zenyewe hazikufika popote. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hupokea maombi kwa njia ya intaneti, kwa kazi zilizotangazwa, kabla ya siku ya mwisho iliyotajwa. Bahasha iliyoachwa kwa mlinzi haiingii huko. Sehemu ndogo ya nauli ile ingetosha kumlipa mwenye steshenari amsaidie kijana kutuma maombi kwa kompyuta.

SOMA TANGAZO HADI MWISHO

Sasa zile barua 9. Chukua kazi ya Mtendaji wa Kijiji. Vijana wanaiona kila siku, kwa hiyo wanaiomba. Tangazo lake hutaka kidato cha nne au cha sita. Lakini ukiendelea kusoma, hutaka pia cheti cha chuo katika fani kama utawala, sheria au maendeleo ya jamii, kutoka Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo au chuo kingine kinachotambuliwa na Serikali. Mwenye kidato cha nne peke yake huachwa mapema, hata awe na mwandiko mzuri namna gani.

Liko jambo jingine dogo linaloangusha watu. Matangazo ya Sekretarieti husema kwamba hati ya matokeo haikubaliwi. Kinachotakiwa ni cheti chenyewe. Kama cheti chako bado kiko shuleni, kakifuate.

Kuhusu yule mtu wa pesa ya soda, hatuna maneno mengi. Serikali haiuzi kazi. Anayetaka fedha ili akupe kazi ya Serikali ni tapeli.

Wazazi nao tusiwalaumu sana. Wengine waliona kaka zao wakimaliza shule na kupangiwa kazi na Serikali. Wakati ule waliosoma walikuwa wachache. Mwaka 2023 peke yake, zaidi ya watahiniwa 500,000 walifanya mtihani wa kidato cha nne.

"KAZI YOYOTE"

Ziko kazi nyingi ambazo hazitangazwi kabisa. Fundi mwashi akihitaji saidia fundi, hapeleki tangazo redioni. Huuliza watu anaowajua. Kijana akimfuata, mara nyingi mazungumzo huwa hivi:

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Unasemaje?"

"Natafuta kazi."

"Kazi gani?"

"Kazi yoyote tu, fundi."

Fundi atasema, "Haya, nitakuita." Hatamwita. Kijana ameonyesha unyenyekevu, na hilo ni jema, lakini hakumwachia fundi kitu cha kukumbuka. Amemwachia fundi shughuli ya kumfikiria, na fundi ana shughuli zake.

Angesema hivi: "Fundi, nimesikia wiki ijayo mnaanza darasa la shule. Nilisomba mawe na kuchanganya zege kwenye nyumba ya mwalimu. Mwalimu mwenyewe ananijua. Mkihitaji saidia fundi, mimi nipo, na nakaa karibu." Huyo fundi atamkumbuka. Hata kama nafasi imejaa, anaweza kumtaja kwa fundi mwingine.

Je, kijana atajuaje kwamba darasa linaanza? Siku hizi madarasa mengi ya shule zetu hujengwa na mafundi wa kawaida, chini ya usimamizi wa kamati. Habari hizo husikika kwenye mkutano wa kijiji, shuleni na ofisi ya kijiji. Kijana anayezunguka mjini na bahasha hazisikii.

Wako watakaosema, "Sikusoma miaka minne ili nibebe zege." Maneno hayo yana uzito, hasa kama mama aliuza mahindi kununua sare na madaftari. Lakini zege si lazima liwe mwisho wa safari. VETA, iliyoanzishwa mwaka 1994, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi. Ni kwa watu waliojifunza kazi mikononi mwa mafundi bila kukaa chuoni: waashi, maseremala, wapishi, mafundi magari. Mtu hupimwa kwa kazi anayoijua. Akipungukiwa mahali, hufundishwa pale. Akifaulu hupewa cheti, na kwa cheti hicho anaweza kuomba kazi zinazotangazwa kwa mafundi.

Anayetaka aende chuo cha VETA kilicho karibu naye. Aulize kama fani yake inapimwa, lini, na kwa gharama gani. Aulize pia kama Serikali inalipia, maana mara kadhaa imewalipia vijana. Akienda, achukue majina ya mafundi aliofanya nao kazi, na namba zao za simu.