Kabla ya Kuwa Afisa wa Mikopo ya Nyumba Marekani

Katika jumuiya zetu za Houston, Minneapolis au Seattle, anayeingia kwenye biashara ya mikopo ya nyumba mara nyingi ni mtu tuliyemzoea: mweka hazina wa kikundi, mwanakwaya, dereva wa lori aliyechoshwa na barabara. Wateja anao tayari. Anachokosa ni leseni, na bila hiyo haruhusiwi kupokea maombi ya mkopo wala kujadili riba kwa malipo, hata akisema anawatafsiria wenzake tu.

Sharti hilo lililetwa na Sheria ya SAFE ya mwaka 2008, soko la nyumba likiwa linaporomoka na familia nyingi zikigundua kwamba zilitia saini mikopo zisiyoielewa. Sasa kila afisa ana namba yake katika NMLS, mfumo wa kitaifa wa leseni za mikopo ya nyumba, na namba hiyo humfuata hata akihama kampuni au jimbo.

Masomo si marefu: saa 20, zikiwamo 3 za sheria za shirikisho, 3 za maadili na 2 za mikopo isiyo ya kawaida. Texas hutaka pia saa 3 za sheria za jimbo. Mtihani ni wa Kiingereza, na alama ya kufaulu ni asilimia 75. Ukianguka unasubiri siku 30. Ukianguka mara tatu mfululizo, miezi sita.

Mlango mgumu ni rekodi yako. Alama za vidole hupelekwa FBI, na ripoti yako ya mikopo hufunguliwa. Sheria ya shirikisho haikuweka alama ya chini kabisa ya mikopo, lakini jimbo litauliza kuhusu kodi usiyolipa, hukumu za madeni na nyumba iliyonadiwa. Mwenye hatia ya kosa kubwa la jinai ndani ya miaka 7 hapati leseni. Likiwa la ulaghai au utakatishaji fedha, hapati kamwe. Tena sheria inahesabu na mahakama za nje, kwa hiyo hukumu ya Nairobi au Dar es Salaam haikubaki uwanja wa ndege. Kwa maoni yangu, deni lenye maelezo na risiti linaweza kutetewa. Lililofichwa kwenye fomu linaondoa hata huruma ya anayeisoma fomu hiyo.

Anayeajiriwa na benki huandikishwa tu kwenye NMLS bila kufanya mtihani wa leseni. Wengine, hata wakifaulu yote, leseni haiingii mkononi mpaka kampuni iwadhamini. Kisha kila mwaka kuna saa 8 za masomo kabla leseni haijaisha Desemba 31.

Kuhusu pesa: wengi hulipwa kamisheni, na kamisheni hairuhusiwi kupanda kwa sababu mteja kapewa riba kubwa zaidi. Hapo watu huelewa haraka. Kwenye chai, ile bahasha ya kumshukuru aliyeleta mteja, ndipo wanapokunja uso. Sheria ya RESPA ya mwaka 1974 inakataza kumlipa mtu kwa sababu tu amekuletea mteja wa mkopo, awe dalali wa nyumba, mchungaji au shangazi. Bahasha hiyo ni kosa kwa anayetoa na anayepokea, na adhabu yake yaweza kufika dola 10,000 na kifungo cha mwaka 1.