Lori Linapokataa Kuwaka Alfajiri: Je, Ununue Kipasha-Joto cha Injini?

Baadhi ya malori yanayobeba mawe ya dhahabu kutoka machimbo ya Nyarugusu, Rwamgasa na Mwakitolyo kwenda kwenye karasha yaliingia nchini yakiwa yametumika katika nchi za baridi. Mengine yana waya wenye plagi ya umeme unaoning'inia karibu na rejeta. Waya huo ni wa kipasha-joto cha injini. Mmiliki ambaye lori lake husumbua kuwaka mwezi Juni au Julai anaweza kushauriwa akifufue kifaa hicho, au anunue kipya. Kabla hujatoa fedha, tunakusihi uelewe kazi yake.

Injini ya dizeli haiwashwi kwa cheche. Dizeli hulipuka kwa joto la hewa iliyogandamizwa na pistoni. Katika nchi kama Kanada na Ufini, ambako baridi huweza kufikia nyuzi 30 chini ya sifuri, chuma cha injini huliiba joto hilo na oili huwa nzito. Ndiyo sababu wenyeji hupasha maji ya injini kwa umeme usiku kucha.

Shinyanga na Geita hazina baridi ya namna hiyo. Alfajiri ya kipupwe joto hushuka hadi nyuzi 15 hivi, na injini nzima huwaka katika hali hiyo bila msaada. Aidha, vipasha-joto vilivyotengenezwa kwa soko la Marekani na Kanada ni vya volti 120, ilhali umeme wetu ni wa volti 230. Ukikichomeka, kitavuta nguvu karibu mara nne ya ile kilichoundiwa, na kinaweza kuungua au kuteketeza gari.

Basi lori linalokataa kuwaka linaonyesha hitilafu nyingine. Mwombe fundi akague yafuatayo kabla ya kukubali kununua kifaa chochote:

1. Betri. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma takriban volti 12.6. Ikiwa imeshuka sana, stata haizungushi injini kwa kasi ya kutosha.

2. Hita ndogo za ndani ya injini, kwa magari yaliyo nazo. Subiri taa yake kwenye dashibodi izimike ndipo upige stata.

3. Moshi. Stata ikizunguka na moshi mweupe ukatoka, dizeli inafika lakini haiungui. Huenda hita zimekufa au injini imechoka. Moshi usipotoka kabisa, huenda dizeli haifiki: chujio limeziba, au hewa imeingia kwenye mpira wa mafuta.

4. Maji kwenye dizeli. Fungua koki ya chini ya chujio asubuhi, kabla ya kuwasha, uyamwage.

Usiwashe mkaa chini ya injini, wala usipulize petroli kwenye njia ya hewa. Njia zote mbili zimo hatarini kuleta moto.

Jambo la mwisho ni mafuta yenyewe. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa hupunguza ulainisho na kuila pampu polepole. Tangu mwaka 2010 mafuta yanayouzwa nchini huwekwa vinasaba ili uchakachuaji ugundulike, lakini kinga hiyo haimsaidii anayenunua kwa madumu kando ya barabara. Nunua kituoni, dai risiti, uitunze.

Ukiuziwa mafuta mabovu, peleka malalamiko EWURA. Ukiuziwa kifaa bandia, au kwa maelezo ya uongo, anza na muuzaji. Asipokusikiliza, nenda Tume ya Ushindani. Kote utaulizwa ushahidi, na risiti ndiyo ushahidi wako wa kwanza.