Kila mtu anakula kwa saa yake: makala na umeme vinabeba faida ya restora

Goma na Bukavu iko juu, karibu metre 1.500, ni restora chache zinazohitaji mashine ya kupoza hewa. Gharama ya joto na baridi iko kwenye mbabula na frigo.

Wateja wakikuja wote saa sita, sombe na maharagi vinaisha, moto unazimwa. Lakini wakikuja mmoja mmoja, na wengine wakipiga simu motari awapelekee chakula, mbabula inawaka mpaka jioni. Makala haiangalie hesabu ya sahani, inaangalia masaa ya moto. Sahani 40 za siku nzima zinakula makala kupita sahani 40 za saa moja.

Frigo nayo, kila inapofunguliwa joto linaingia, motere inaanza tena, uniti za umeme zinakwisha mbio.

Kuacha chakula kiwe vuguvugu si dawa: vijidudu vinazaliana, tumbo la mteja linaumia. Afadhali kupika kidogo mara mbili, kufungia sufuria ya moto ndani ya kapu lenye blanketi, na kuomba wateja waagize mapema.