Kama Japani ingefyatua mizinga mwaka 1853, nini kingetokea?

Tarehe 8 Julai 1853, manowari nne za Marekani zilitia nanga Uraga, kwenye mlango wa ghuba ya Edo, jiji ambalo leo tunaliita Tokyo. Mkuu wa msafara, Komodoro Matthew Perry, alibeba barua ya Rais Millard Fillmore: Japani ifungue bandari zake. Akasema atarudi kuchukua jibu.

Japani haikupigana. Perry aliporudi mwaka uliofuata na meli nyingi zaidi, serikali ilitia saini Mkataba wa Kanagawa, tarehe 31 Machi 1854, na kufungua bandari za Shimoda na Hakodate.

Je, kama ingepigana? Swali hili linaulizwa mara nyingi kama mchezo wa kubuni. Lakini sehemu ya jibu haihitaji kubuniwa, kwa sababu miaka 10 baadaye baadhi ya Wajapani walipigana kweli.

Marekani ilitaka nini?

Meli zake za kuwinda nyangumi zilikuwa zimejaa Bahari ya Pasifiki, na meli za mvuke za kwenda China zilihitaji mahali pa kupakia makaa ya mawe. Japani ilikuwa imejifungia kwa zaidi ya miaka 200. Kwa Wazungu, ni Waholanzi pekee walioruhusiwa kufanya biashara, tena wakiwa kwenye kisiwa kidogo cha Dejima, Nagasaki.

Perry hakuwa wa kwanza kutumwa. Edmund Roberts, mjumbe yuleyule wa Marekani aliyefunga mkataba wa biashara na Sayyid Said, mtawala wa Maskati na Zanzibar, mwaka 1833, alipewa pia kazi ya kwenda Japani. Alifariki Macau mwaka 1836 kabla hajafika.

Kupiga mizinga kulikuwa sheria

Wengi hawajui hili. Mwaka 1825 serikali ya shoguni, mtawala wa kijeshi wa Japani, iliamuru meli za kigeni zinazosogea pwani zifukuzwe kwa mizinga bila kujadiliana. Mwaka 1837 meli ya Kimarekani, Morrison, ilipigwa ingawa ilikuwa inawarudisha nyumbani mabaharia wa Kijapani waliopotea baharini.

Amri hiyo ililegezwa mwaka 1842. Sababu ilikuwa China: habari zilifika kwamba Waingereza wameishinda dola ile kubwa katika Vita vya Kasumba. Watawala wa Edo walipima nguvu zao wakaona hazitoshi. Kwa hiyo ukimya wa mwaka 1853 haukuwa woga wa siku moja. Ulikuwa uamuzi uliotokana na kumtazama jirani akichapwa.

Picha ya vita ambavyo havikutokea

Tuseme amri ya 1825 ingekuwa bado inafanya kazi. Edo ilikuwa na watu wapatao milioni moja, na sehemu kubwa ya chakula chao ilikuja kwa mashua kupitia ghuba ileile alikotia nanga Perry. Hakuhitaji kuteremsha wanajeshi. Kuziba njia ya mashua kungetosha kuleta njaa, na nyumba za mbao za jiji zilikuwa kuni mbele ya mizinga.

Upande wa pili, Perry naye alikuwa na mipaka. Alikuwa na meli nne tu, mbili kati ya hizo zikiwa za mvuke, na maagizo yake yalimkataza kutumia nguvu isipokuwa kujilinda. Asingeweza kuiteka nchi yenye maelfu ya samurai. Huenda angeichoma pwani, akaondoka, kisha akarudi na madai makubwa zaidi.

Hatari kubwa ingekuwa ndani. Shoguni Ieyoshi alifariki mwezi huohuo wa Julai, na mrithi wake, Iesada, alikuwa mgonjwa. Mabwana wa majimbo waligawanyika. Tokugawa Nariaki wa Mito alitaka vita. Serikali iliyoshindwa mbele ya macho ya mji wake mkuu ingeweza kuanguka wakati hakuna aliye tayari kushika nafasi yake.

Waliopigana kweli

Mwaka 1863 jimbo la Choshu lilianza kuzipiga meli za kigeni katika mlango wa bahari wa Shimonoseki. Mwezi Agosti mwaka huohuo, Waingereza waliushambulia mji wa Kagoshima wa jimbo la Satsuma, baada ya samurai wake kumuua mfanyabiashara Mwingereza. Sehemu ya mji iliteketea, lakini Satsuma ilijibu kwa nguvu: nahodha wa meli kuu ya Waingereza aliuawa. Septemba 1864 meli 17 za Uingereza, Ufaransa, Uholanzi na Marekani zilinyamazisha mizinga ya Shimonoseki kwa siku chache, na Japani ikadaiwa fidia ya dola milioni 3.

Hapo ndipo penye funzo. Satsuma na Choshu walishindwa, lakini hawakuangamia. Walinunua silaha kwa Wazungu na kupeleka vijana kusoma Uingereza. Mwaka 1868 majimbo hayohayo yaliongoza kuung'oa utawala wa shoguni na kujenga Japani mpya. Mmoja wa wanafunzi wa Choshu, Ito Hirobumi, akawa waziri mkuu wa kwanza.

Tofauti iko wapi?

Vita vya 1863 na 1864 vilipigwa na majimbo, mbali na mji mkuu, huku serikali ikiendelea kuzungumza na wageni. Kipigo kiliumiza mkono, hakikufika moyoni. Mwaka 1853 kipigo kingeangukia Edo moja kwa moja.

Hata hivyo, kutopigana nako kulikuwa na gharama. Mikataba ya 1858 iliinyima Japani haki ya kujipangia ushuru wa forodha na ya kuwahukumu wageni waliotenda makosa nchini mwake. Uhuru kamili wa ushuru iliupata mwaka 1911, zaidi ya nusu karne baadaye.

Kwa hiyo, Japani ya 1853 haikuwa na njia ya bure. Ilichokipata kwa kunyamaza ni muda, na muda huo ndio waliotaka vita walikuja kuutumia kujifunza.